Santuri Zilizosimamisha Cherehani Yangu

Nashona nguo Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 12, barazani kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Cherehani yangu ni ya miguu. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo mizani niliyopimia santuri hizi kumi. Muziki ukiniacha niendelee kukanyaga, huo ni muziki mwema wa kazini. Ukinifanya niinue miguu bila kujijua, gauni la mteja likabaki limeshikwa na sindano nusu mshono, basi hapo pana jambo kubwa zaidi.

Santuri kaniletea mtoto wa kaka yangu, baharia. Alinipigia simu kutoka Hamburg: "Shikamoo shangazi. Safari hii nikuletee nini?" Wenzangu huagiza manukato. Mimi nikamwambia nataka elpi, zile santuri kubwa, za miaka ya sitini, zile ambazo wapenzi wa muziki wakikaa kuzungumza hawaachi kuzitaja, na asichague kwa kutazama majalada. Akaingia duka la santuri za mitumba, akapata kumi kwa yuro 140, akazizungushia mataulo. Zikashuka naye Mombasa, zikavuka mpaka wa Horohoro kwa basi, zikafika kwangu usiku wa mvua, na hata moja haikuvunjika.

Si kwamba nyumbani hatukuwa na santuri. Baba alikuwa mtu wa reli, na kila mshahara ulipotoka alinunua sahani moja. Ila zake zote zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapahapa Tanga, Cuban Marimba ya Morogoro, Franco na OK Jazz yake. Muziki wetu ulikuja hivyo, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, na ukiwa mrefu unakatwa katikati, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Kazi ya kugeuza ilikuwa yangu. Elpi, sahani kubwa ambayo mtu amekaa akapanga nyimbo zake zifuatane kwa makusudi, niliziona kwenye nyumba za watu tu. Kwa hiyo hizi nimezisikiliza nikiwa na miaka 58, na kila moja nimeipiga si chini ya mara tano, tangu masika yalipoanza mpaka mvua zilipokatika, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo.

Mashine ni ya baba vilevile. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeoza, na fundi mmoja wa redio akanikatia kipande cha tyubu ya baiskeli kiwe mkanda. Sahani ikazunguka, lakini kila sauti ndefu ilikuwa ikiyumba kama mtu anayeimba huku amesimama ndani ya mtumbwi. Siku tatu nzima niliamini Miriam Makeba aliimba hivyo. Ikabidi niagize mkanda wenyewe, na sindano mpya juu yake, shilingi 85,000. Sikuionea uchungu hiyo pesa. Mshonaji yeyote anajua kwamba sindano butu haishoni, inachana kitambaa. Ya santuri ni hivyohivyo: ikiisha ncha inakula mifereji, na mfereji ukishaliwa hakuna fundi wa kuurudisha.

Na kuosha ni lazima. Sahani ya mitumba inakuja na vumbi la watu wengine, kisha hewa yetu ya bahari inaongeza ukungu. Natumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa kiwe pamba iliyochakaa. Unafuata mzunguko wa mifereji, hukatishi. Unakausha kivulini. Nasema kivulini kwa sababu moja niliiegemeza dirishani kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na jua la saa nane likaipinda. Ilikuwa Getz/Gilberto, ya 1964, yenye Stan Getz kwenye saksafoni na João Gilberto kwenye gitaa, na mpaka leo sindano inapanda na kushuka juu yake kama jahazi. Inapigika, tena ni tamu. Nimeshapinda mapindo mengi ya madera nikiisikiliza, maana mwendo wake haukimbizi mtu. Sina zaidi la kuisema.

Nilianza na An Evening with Belafonte/Makeba kwa sababu ndani yake niliona jina ninalolijua: Malaika. Albamu ni ya 1965, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Nyimbo karibu zote ni za lugha za Afrika Kusini, lakini huo mmoja ni wa Kiswahili chetu, wimbo ambao Fadhili William alikuwa amekwisha kuurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini. Harry Belafonte, mzaliwa wa New York, anayachukua maneno yetu kwa uangalifu, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa asitake tone limwagike. Makeba yuko huru zaidi. Kila anapofika kwenye habari ya mali inayomkosesha mtu ndoa, anailegeza sauti, na mteja wangu mmoja, mama wa makamo aliyekuja kupimwa gauni, akaitikia sauti ya pili mpaka mwisho huku mikono yake ameinyoosha na futi yangu iko kifuani mwake.

Hata hivyo, wimbo mzito kuliko wote humo ni ule wa kumwonya Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu. Mara ya kwanza niliukanyagia cherehani kwa furaha, maana una mwendo wa kuchezeka kabisa. Kisha nikaelezwa kwamba aliyeutunga, Vuyisile Mini, alinyongwa na serikali hiyohiyo Novemba 1964. Nikaurudia. Sisi watu wa taarabu hatuhitaji kufundishwa kwamba neno kali linaweza kuvishwa sauti ya asali. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyeng'ara na vikundi vya taarabu vya Tanga, alikuwa na uwezo wa kukuchoma moyo huku unatikisa mabega. Lakini kwetu fumbo humpata mke mwenza au jirani. Hapa ni mtu anamwambia mwenye kitanzi ajihadhari, na kitanzi kikamfika yeye. Tangu nijue hivyo, siukanyagii tena.

Otis Blue ya Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, haikunisimamisha, na hiyo kwangu ni sifa, kwa maana ya kinyume. Hii ndiyo santuri iliyonishonesha vizuri kuliko zote. Dramu za Al Jackson zinaanguka palepale kila mara, hazitangulii wala hazichelewi, na miguu yangu ikazifuata yenyewe. Siku hiyo nilishona sketi sita za sare ya shule. Nilipozigeuza jioni kuangalia mishono, ilikuwa imelingana kama iliyotoka kiwandani.

Ilirekodiwa Julai 1965 mjini Memphis, kwenye studio iliyokuwa jumba la sinema hapo zamani, na kazi nzima ilichukua siku moja, mchana na usiku. Usiku wapigaji waliikatisha wakaenda kwenye kumbi walikoajiriwa kupiga, wakarudi kama saa nane usiku wakaendelea mpaka asubuhi. Nimekua nikiona wanamuziki wa dansi wa mji huu, wanaorudi nyumbani watu wanakwenda kuswali alfajiri, vyombo begani, mashati yameloa. Ninapousikiliza upande wa pili naona mashati yale. Sauti ya Otis humo inakwaruza. Inakwaruza kwa uchovu wa kweli, naye haifichi.

Nyimbo tatu ni za Sam Cooke, aliyekuwa ameuawa kwa risasi Desemba 1964, miezi saba tu kabla. Ule wa kungojea mabadiliko yaje, Otis anauanza polepole mno, na tarumbeta zinamjibu kwa mbali. Siku ya kwanza umeme ulikatika hapohapo. Sahani ikapungua mwendo, sauti yake ikazama sekunde moja mbili kama mtu anayeshuka kisimani, halafu kimya. Cherehani yangu haihitaji umeme, lakini sikuendelea kushona. Nilikaa nikingoja. Otis mwenyewe alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, ana miaka 26.

Ndani ya santuri hiyohiyo mna wimbo alioutunga yeye, Respect. Mwanamume anarudi kutoka kazini, pesa mfukoni, anataka aheshimiwe nyumbani kwake. Wimbo mzuri, wa haraka, unapita.

Sasa pokea jibu. Miaka miwili baadaye, Machi 1967, Aretha Franklin akatoa I Never Loved a Man the Way I Love You, na wimbo wa kwanza kabisa wa upande wa kwanza ni huohuo, umegeuzwa kama unavyogeuza kanzu ya mume ukashona gauni lako. Sasa mwenye pesa ni mwanamke, na mwenye kudai heshima ni mwanamke. Akaongeza mambo ambayo Otis hakuwa nayo: anaitamka herufi moja moja ya neno lile, na nyuma yake mdogo wake Carolyn na mkubwa wake Erma wanaitikia kama mawifi waliokusanyika uani kumshuhudia. Tanga tumelelewa kwenye majibizano. Kikundi hiki kikitoa wimbo Ijumaa, kile kinakaa kikatunga jibu, na mji mzima unapokea. Ila sijapata kusikia jibu lililomnyang'anya mtunzi wimbo wake kabisa kama hili. Miguu yangu ilisimama kwenye zile herufi. Mwanafunzi wangu wa ufundi, binti wa miaka 19 ambaye muziki wa kale huwa haumshughulishi, aliacha pasi akaja kusimama mlangoni. "Mama, huyu ni nani?" Nikamwonyesha jalada. Akaomba nirudishe sindano mwanzo.

Watu huuzungumza wimbo huo tu, lakini ule wenye jina la albamu ndio ninaourudia nikiwa peke yangu. Aliurekodi Muscle Shoals, Alabama, Januari 1967. Ugomvi ukazuka kati ya mumewe na watu wa studio, ikabidi kazi iliyobaki ikamaliziwe New York. Unaanza na kinanda cha umeme, noti chache zimeachana, kisha yeye anaingia kumwambia mwanamume kwamba ni mwongo na laghai na bado hawezi kumwacha. Mimi nimewahi kuolewa na mtu wa aina hiyo. Niliposikia anavyolitamka neno la uongo, bila hasira, kama anayetaja bei ya unga, nilijua kwamba ameshalisema mara nyingi jikoni kwake kabla ya kulisema studio.

Live at the Apollo ya James Brown ina dakika thelathini na moja hivi, na ningeshauri mtu asiipige akiwa na nguo ya haraka mkononi. Ilirekodiwa tarehe 24 Oktoba 1962 katika ukumbi wa Apollo, Harlem, mjini New York, mbele ya watu. Mwenye kampuni yake ya santuri alikataa kuigharamia, kwa hoja kwamba nani atanunua nyimbo ambazo zimekwisha kuuzwa. James Brown akatoa pesa zake mwenyewe. Ilipotoka 1963 ikakaa kwenye orodha ya mauzo ya Marekani wiki 66.

Wimbo wake mkubwa humo ni Lost Someone, zaidi ya dakika kumi, na kwenye elpi umekatwa: upande wa kwanza unakwisha katikati yake, unainuka, unageuza, unaendelea. Nilipofika hapo nilicheka kwa furaha, maana mkono ulikumbuka wenyewe. Miaka hamsini nyuma ningekuwa naigeuza Jamhuri Jazz na baba amekaa kwenye mkeka ananyoosha kidole: "Haraka mwanangu, kabla haijapoa."

Kinachofanyika humo ni hiki. Bendi inashusha sauti mpaka inabaki kama mapigo ya moyo. James Brown anasema neno moja, wanawake wanapiga kelele. Anasema tena, chini zaidi. Halafu ananyamaza, na kwenye ule ukimya unamsikia mwanamke mmoja tu, mahali fulani kule kwenye viti, ameshindwa kujizuia, na ukumbi mzima unamcheka kwa upendo. Mtu aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya harusi anaijua dakika hiyo. Ni pale mwimbaji anapofika kwenye beti lililokusudiwa mtu, kinanda kinapungua, na mama mmoja anainuka na noti yake kwenda kutunza, anatembea polepole kusudi waone wote nani limempata. Nilidhani jambo hilo ni letu. Kumbe na Harlem walikuwa nalo, na mtu mmoja aliligharamia kutoka mfukoni mwake ili lisipotee. Mguu haukugusa pedeli upande mzima wa pili.

Beatles wako wawili sandukuni, na nitawasema pamoja. Please Please Me, Machi 1963, ilinipa taabu. Yangu ni ya stereo, na kwenye stereo hiyo vyombo viko spika ya kushoto na waimbaji spika ya kulia. Waya wa spika yangu ya kulia ulikuwa umelegea. Kwa hiyo nikawasikia magitaa na dramu tu, na waimbaji kwa mbali mno kama wako nyumba ya tatu. Nikaipiga siku mbili nikishangaa dunia iliwapendea nini. Nilipokaza ule waya, wakaingia chumbani wote wanne. Nyimbo kumi kati ya kumi na nne walizirekodi siku moja, tarehe 11 Februari 1963. Twist and Shout waliuacha mwisho kwa sababu John Lennon alikuwa na mafua na walijua utammaliza koo. Ulipigwa mara moja ukakubali, na walipojaribu tena sauti ilikuwa imekwisha. Koo lile linasikika, na ni dakika mbili na nusu zinazozidi sehemu kubwa ya santuri yao ya pili.

Hiyo ya pili ni Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, 1967, ambayo orodha nyingi huiweka juu. Nimeisikiliza mara nane, zaidi ya zote, nikiitafuta. Walikaa studio tangu Novemba 1966 mpaka Aprili, na kazi inaonekana: kila upindo umepigwa pasi, kila shanga imedariziwa mahali pake. Naiheshimu kama ninavyoheshimu gauni la bibi harusi lililoshonwa na fundi bingwa. Lakini gauni lile limesimama lenyewe, sioni mtu ndani. Ninaowapenda mimi niliwasikia wakipumua kwenye chumba kimoja, na humu kila mmoja yuko kwenye chumba chake.

Isipokuwa mahali pawili. Upande wa pili unafunguliwa na wimbo wa George Harrison alioupiga pamoja na wanamuziki wa Kihindi, tabla na dilruba na sitari, wimbo ambao nasikia Wazungu wengi huuruka. Kwa masikio ya Tanga hauna ugeni. Tumekua na sinema za Kihindi, na taarabu yetu imeazima sauti nyingi kutoka huko. Wateja wawili waliniuliza ni filamu gani. Na mahali pa pili ni mwisho kabisa, pale watu kadhaa wanapozigonga piano tatu kwa pamoja, kisha wanaiacha ile sauti ife yenyewe. Inakaa zaidi ya sekunde arobaini. Siku moja nilikuwa naitega sikio, inapungua, inapungua, mpaka sikujua tena kama ninachosikia ni piano au ni manyunyu juu ya bati. Nilipoangalia, miguu ilikuwa chini, sakafuni.

Pet Sounds ya Beach Boys, 1966, niliielewa mara ya tatu. Brian Wilson aliyeitengeneza alikuwa hasikii sikio la kulia, akaimaliza kwa mono, kwa hiyo spika zote mbili zinakupa kitu kimoja na hata waya ukilegea hupotezi neno. Sauti zao zimepandana tabaka kwa tabaka kama kaswida ya watoto wengi waliofundishwa na mwalimu mkali. Ni nzuri, na ina huzuni ya kijana. Mwishoni muziki ukishakwisha kuna honi ya treni, treni inapita, mbwa wanabweka. Hapo nilimkumbuka baba, ambaye angetaka kujua ni kichwa gani cha treni na kinavuta mabehewa mangapi.

Highway 61 Revisited ya Bob Dylan, 1965, ni ya wenye Kiingereza. Wimbo wa kwanza unapita dakika sita na nasikia wazi kwamba yule ni mshairi anayemsema mtu, lakini shairi usiloelewa maneno yake unabaki na sauti ya puani na kinanda. Nimempa jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza, ambaye aliifurahia mpaka akanishika mikono yote miwili.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenifungulia ya mwisho. A Love Supreme ya John Coltrane niliipiga mara mbili peke yangu nikaona ni nzito na siiwezi. Dramu za Elvin Jones zinakwenda njia tatu kwa wakati mmoja, na mguu unaojaribu kuzifuata unapotea. Nilikata uzi mara nne kwenye shati moja. Basi nikamwomba mwalimu aje baada ya magharibi anisomee maandishi ya jalada.

Coltrane aliyaandika mwenyewe, barua kwa msikilizaji. Mwalimu akasoma sentensi ya kwanza, akaitafsiri: sifa zote apewe Mungu, ambaye sifa zote ni zake. Akanyamaza. "Dada," akaniambia, "hii si kama Alhamdu?" Nikamwambia endelea. Coltrane anaeleza kwamba mwaka 1957, kwa neema ya Mungu, alizinduka kiroho akaingia maisha mengine, naye aliomba apewe uwezo wa kuwafurahisha watu kwa muziki. Santuri hii ndiyo sadaka yake. Waliirekodi tarehe 9 Desemba 1964 huko New Jersey, watu wanne, dakika thelathini na tatu.

Tukaipiga. Inaanza na sauti ya gongo, halafu besi ya Jimmy Garrison inakamata noti nne na haiziachii. Coltrane anazichukua noti zilezile kwenye saksafoni, anazipeleka juu, anazishusha, anazizungusha kila upande, mpaka mwisho anaweka chombo chini na kuziimba kwa mdomo, maneno yaleyale ya jina la santuri, tena na tena na tena. Nimekaa kwenye zikiri tangu utotoni. Najua neno linavyofanya likirudiwa mpaka pumzi na neno viwe kitu kimoja. Sikuwa na haja ya kuambiwa pale anafanya nini.

Kwenye sehemu ya nne mwalimu akagundua jambo. Ndani ya jalada limechapishwa shairi la Coltrane, na saksafoni ya sehemu hiyo, inayokwenda taratibu bila mwendo wa kuchezeka, inalisoma shairi lile, silabi kwa silabi, bila mtu kutamka neno. Tukaliweka jalada juu ya meza ya kukatia, chini ya taa. Mwalimu akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Saksafoni ikasema, kidole kikasogea. Mara mbili tukapotea tukarudisha sindano. Kisha tukaanza kuona kwamba kuna maneno yanayorudi, ya kumshukuru Mungu, na kila yanapofika saksafoni inashuka kwa namna ileile, kama paji la uso linavyoshuka kwenye mswala. Baada ya hapo hatukupotea tena. Kidole chake kilikuwa kinatetemeka kidogo. Piano ya McCoy Tyner na dramu zilikuwa zinavuma nyuma kama bahari ya Raskazone usiku wa kusi. Sahani ikafika mwisho, sindano ikabaki inakwaruza kwenye mfereji mtupu, na hakuna aliyeinuka kuiondoa.

Kwa mtu anayetaka kuanza na sahani moja kati ya hizi, atafute ya Apollo, aisikilize na wenzake, isiwe kwa spika za masikioni. Ya Coltrane aitafute yenye barua na shairi, maana nakala isiyo na maandishi hayo imempunguzia nusu ya kitu. Kwa santuri za mitumba, ziegemeze kwenye mwanga wa ubavuni kabla ya kulipa: mifereji iliyogeuka kijivu imeshaliwa, hata jalada liwe jipya namna gani. Aretha wangu ana mkwaruzo unaogonga kila mzunguko kwenye wimbo wa tatu, na nimeshauzoea.

Zile nyingine nimezirudisha kwenye sanduku, zimesimama wima, na vipande vya pamba kati yake. Aretha anakaa juu ya mashine. Kuna sare kumi na nne za harusi ya Jumamosi, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na binti ameshaanza kuuliza kama leo tunaanza na upande wa kwanza au wa pili.